Herkule wa Pauni Sita

Jumamosi, 4 Oktoba 2025

Nimenunua shujaa. Pauni sita, sokoni mjini huku ughaibuni, kwenye sinia la vijiko, beji za vita na funguo zisizo na kufuli. Muuzaji alitaka kumi. Nikamwambia sarafu imechakaa. Akasema na yeye amechakaa na bado anaamka kila Jumamosi. Tukaishia sita.

Ni ya Kirumi. Shaba, pana, nzito, imeshika ukungu wa kijani kama birika lililosahauliwa stoo. Upande mmoja kichwa cha mfalme mwenye ndevu. Anafanana na ami yangu siku ya kugawa urithi. Upande wa pili mwanamume anatembea na kitu kikubwa begani. Nimepekua kwenye simu: sarafu za Kirumi zenye mashujaa wa kale. Picha ya kwanza ikatoka Herkule na simba. Basi. Huyu ni Herkule, kambeba simba. Picha ya pili sikuifungua. Mtu akishapata jibu, kuendelea kuuliza ni ubishi.

Shujaa wa nini? Wa Nunu.

Nunu ni mjane, miaka thelathini na minane, mtu wa kwetu Unguja, fundi cherehani. Anakaa mtaa wa Northfield, ghorofa ya tatu, na mama yake, Bi Asmahan. Miezi minane nampelekea nguo zangu azipunguze ili nipate sababu ya kupanda lifti. Sina tena suruali isiyonibana. Leo, pini zikiwa mdomoni, kaniambia kwamba mimi si mtu pekee aliyeuliza. Mama yake atapokea wageni wa posa Jumapili ya wiki ijayo. Mimi saa nne asubuhi. Mwenzangu saa kumi jioni. Mama atasikiliza, kasema, na yeye Nunu ndiye atakayejibu.

Mwenzangu ni Makungu! Mtu wa Tanga. Anaendesha gari la vifurushi. Hasemi. Analeta vitambaa vya Nunu, anapiga hodi, anasema "kifurushi", anaondoka. Hiyo ndiyo mbinu yake yote. Nimemdharau papo hapo.

Mpango wangu: nitaigeuza sarafu kuwa kidani. Bibi yangu alivaa pauni tatu za dhahabu kifuani, na zilipoingia mlangoni ndipo na yeye akaingia. Sarafu mfukoni ni chenji. Sarafu kifuani ni heshima.

Jumapili, 5 Oktoba

Tatizo. Kwetu mtu hajiposei. Anapelekwa na mzee. Ami zangu wawili waliobaki, mmoja yuko Unguja, mmoja Toronto, na wote wawili wanadai mimi ni mzigo wa mwenzake.

Suluhisho limekuja dukani, nikichagua vitunguu. Jasbir! Miaka sabini na miwili, kilemba cha buluu, ndevu nyeupe mpaka kifungo cha tatu cha shati. Dereva wa basi mstaafu. Kazaliwa Kisumu, na Kiswahili hajakitupa. Tena ni katibu wa chama cha wapenda sarafu kinachokutana mtaa wa Hockley kila mwezi. Mshenga na shahidi wa kitaalamu katika mwili mmoja, nauli moja.

Amekubali kwa masharti mawili. Kwanza, chai ya tangawizi iwepo. Pili, hatasema uongo. Nimeyakubali yote mawili. La pili nimelichukulia kama taratibu tu.

Nimemwonyesha picha kwenye simu. Imetoka ukungu mtupu. Amesema hawezi kusoma ukungu. Anakwenda Slough kwa binti yake na atarudi Jumamosi, ataiona siku ya posa. Mpaka hapo nisiiguse. Nisiioshe. Nisiisugue hata kwa mate.

Nimeapa. Nimeiweka juu ya rafu na kuitazama saa nzima. Ina uchafu wa miaka elfu na mia tisa. Nani anampelekea mchumba uchafu?

Jumanne, 7 Oktoba

Ukwaju na majivu. Ndivyo nyumbani tulivyosugua masinia ya shaba kila mkesha wa Idi. Ukwaju nilikuwa nao. Majivu ya mkaa hayapatikani mtaani kwangu Washwood Heath kwa urahisi. Nimetumia ya chetezo. Dakika hamsini kwa mswaki wa zamani.

Inawaka! Jua la kwetu saa sita. Kweli, Herkule amepoteza pua, na simba manyoya yote, amebaki laini kama amevaa kanzu. Lakini ukiitazama kutoka mlangoni ni dhahabu tupu. Nitaionyesha kutoka mlangoni.

Jasbir kapiga simu kutoka Slough kuuliza kama nimeigusa. Nimesema siigusi. Si uongo. Wakati huo nilikuwa nimeshanawa.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimetoka kazini ghalani nikaenda moja kwa moja Northfield na suruali ya kaki. Nunu kaishika, kaniangalia kiuno, kasema suruali hii ikipunguzwa tena nitaivua kwa mkasi. Kisha kalalamika, si kwangu hasa, kwamba mkono wa kitasa cha mlango wa jikoni umelegea.

Nafasi! Makungu alikuwa mlangoni na kifurushi. Akachomoa bisibisi mfukoni. Nikamwambia asijisumbue, kwetu kazi ya chuma iko katika damu. Bisibisi nikaichukua, yeye nikamruhusu aende.

Nimetengeneza dakika arobaini. Mwishoni imebaki parafujo moja na springi ndogo, ambazo kwa maoni yangu ziliwekwa na kiwanda kama akiba. Nimejaribu kutoka nje: mlango unafunguka kwa kidole kimoja. Kutoka ndani sikujaribu. Sikuwa ndani.

Bi Asmahan kaniita mkono wa kheri. Nimeteremka kwa ngazi badala ya lifti, kwa furaha.

Ijumaa, 10 Oktoba

Hockley, karakana ya Bhavini. Babake alikuwa sonara Mombasa, na binti karithi koleo, mizani na lafudhi. Nimemwekea sarafu mezani, nikamwambia nataka tundu.

Kaniuliza mara tatu kama nina hakika. Mara ya tatu kazima redio ndipo akauliza. Kasema yeye si mjuzi wa vitu vya kale, ila kuna wateja wanaolia kwa mkwaruzo tu, na hapa naomba keekee. Nikamweleza habari za bibi na pauni zake tatu, moja kila upande na moja katikati, zilivyolia alipokuwa akicheka.

Bhavini kalainika. Kasema babake vidani kama hivyo alitengeneza mamia, na mteja angemletea mwezi angemuuliza tu tundu alitoboe wapi. Akavaa miwani. Akapima. Nikamwambia juu ya kichwa cha mfalme, mahali pa taji.

Milimita tatu. Safi kabisa! Tumegeuza upande wa pili: keekee imetokea katikati ya kichwa cha simba. Bhavini kavua miwani. Mimi nimemtuliza. Simba asiye na kichwa, nimemwambia, ndio ushindi wenyewe.

Kaitia mkufu. Kasema hii si pauni, hii ni sahani, na mvaaji awe na shingo.

Jumamosi, 11 Oktoba

Udi. Posa bila udi ni mkutano wa wapangaji.

Nimeununua kwa Muslimo, mwenye duka la dawa za asili, mafuta na manukato mtaa wa pili. Mwanamke wa Kisomali, hajaolewa, kakulia Nairobi, Kiswahili chake kina haraka kama anakimbiza basi. Kaniambia huu ni mkali: kipande kimoja, dirisha wazi. Nikamuuliza vikiwa viwili. Kasema, "Maulid, kimoja." Kisha akafunga duka kwenda kwake ng'ambo ya mfereji.

Jasbir karudi, kachoka, kasema tuonane kesho. Sarafu hajaiona. Bora. Mshangao ni nusu ya zawadi.

Jumapili, 12 Oktoba

Naandika nimelala kifudifudi. Sababu itafuata. Nataka mambo yaandikwe yalivyotokea, kwa mpangilio, kabla watu hawajaanza kuyatengeneza.

Saa nne kamili. Bi Asmahan sofani, kanga mpya, miguu juu ya kijistuli kwa ajili ya magoti mabovu. Nunu jikoni, mlango umefungwa, kama ada inavyotaka: anayeposwa hakai barazani, anasikiliza. Chai ya tangawizi ipo. Nikawasha chetezo. Muslimo alisema kipande kimoja. Nikatia saba, nikafunga dirisha ili harufu isipotee.

Jasbir kaanza vizuri. Kasema ananijua miaka minne, sipigi kelele mtaani, na salamu naijua. Bi Asmahan kauliza kazi. Jasbir kasema ghalani, na kwamba sijafukuzwa hata mara mbili. Niliona binadamu anayefanya kazi yake.

Hapo nikasimama. Nikaenda mpaka mlangoni. Nikautoa mkufu.

Nikasema, kwa sauti ya kufika jikoni, kwamba huyu ni Herkule, shujaa wa Warumi, aliyembeba simba begani. Kwamba na mimi nina bega. Kwamba hakuna mzigo wa Nunu ambao mgongo huu utaukataa. Maneno hayo niliyafanyia mazoezi siku tatu ghalani, mbele ya maboksi.

Bi Asmahan kavaa miwani. Kasema simba huyu ana miguu ya mtu na amevaa kanzu. Nikasema ndio simba wa zamani hao. Akampa Jasbir aitazame.

Jasbir kaipokea kwa mikono miwili. Kaona inavyowaka. Kaona tundu. Kaweka kikombe chini. Kaizungusha muda wa mtu kukosa mabasi mawili. Nikadhani anatafuta sifa.

Kisha akasema, polepole, kwamba huyu si Herkule. Ni Enea. Mji wake uliitwa Troya, adui wakautia moto usiku. Enea akambeba baba yake mzee mgongoni, akamshika mtoto wake mkono, na mzee juu kakumbatia kijikasha cha miungu ya nyumbani. Anayebebwa si simba. Ni baba. Akaweka ncha ya kidole kwenye tundu la Bhavini, akasema hapa palikuwa na uso wake.

Nilijua nimekwisha. Nimekosea!

Bi Asmahan kavua miwani, kajifuta macho. Kasema mwanamume wa kumbeba mzee wake mgongoni siku hizi hapatikani. Kasema ana kijana wake Maskati anayemkumbuka Idi mbili, nayo ni kwa ujumbe wa simu wenye picha ya maua. Akaniangalia mgongo, kwa makini, kama mtu anayechagua kitanda.

Nimeshinda! Nikaketi. Nikasema ndiyo, hasa, hicho ndicho nilichokuwa nakikusudia.

Bi Asmahan akaichukua sarafu kwa Jasbir, akaigeuza. Akaisogeza kwenye mwanga.

"Na mkewe yuko wapi?"

Nikamkonyeza Jasbir. Nikamkonyeza kwa jicho la pili. Nikamkanyaga. Lakini mzee alikuwa na masharti mawili, na chai alikuwa ameshakunywa.

"Alimwambia afuate nyuma," kasema. "Alipofika nje ya mji akahesabu watu, ndipo akaona mke hayupo."

Jikoni kijiko kikaacha kukoroga.

Nilikuwa nimefungua mdomo kueleza kwamba nyakati zile mawasiliano yalikuwa magumu, king'ora kikalia. Si cha fletini tu. Cha jengo zima, ghorofa zote nne. Barazani nilikuwa simwoni tena Bi Asmahan. Nilimsikia tu akikohoa. Udi.

Sikuogopa. Hili liandikwe. Lifti hujifunga yenyewe king'ora kikilia, na magoti ya Bi Asmahan hayashuki ngazi. Nikainama. Nikamwambia apande. Akasema subiri, akachukua kijikasha chake cha dhahabu na pasipoti, akapanda. Jasbir naye haoni vizuri kwenye moshi, nikamshika mkono. Tukatoka.

Ngazi arobaini na nane. Suruali ilipasuka kwenye ya tisa. Watu walitupisha. Ghorofa ya pili Bi Asmahan alisema hajabebwa hivi tangu harusi yake, na siku ile walimwangusha. Ghorofa ya kwanza alisema nisikimbie, watu hawajaona vizuri. Jirani mmoja mwenye vazi la kuogea alitupiga picha.

Maegeshoni nikasimama. Sikumshusha. Nilitaka kila mtu atoke na aone. Jengo zima liko nje, mimi katikati, mama wa watu mgongoni na kasha lake kifuani, mzee wa kilemba mkononi. Nilijihisi shaba.

Jasbir alianza kunitazama kwa namna ya ajabu. Akanitazama mimi. Akamtazama Bi Asmahan. Akautazama mkono wake ndani ya mkono wangu. Mdomo ukamfunguka. Nikadhani ni moshi.

Gari la vifurushi likaingia. Makungu, saa za kazi yake, kifurushi kwapani. Akasimama mbele yetu. Sijawahi kumsikia akisema zaidi ya neno moja. Leo kasema matatu.

"Nunu yuko wapi?"

Nikahesabu watu.

Makungu hakungoja hesabu iishe. Kaweka kifurushi juu ya ukuta, kwa uangalifu, kaingia ndani. Dakika nne. Gari la zimamoto lilifika kwenye dakika ya tatu. Kwenye ya nne walitoka wote wawili, Nunu mbele, mikono ina unga, ameshika mkono wa kitasa cha jikoni. Ulikuwa umemng'okea mkononi alipouvuta kutoka ndani. Makungu kanionyesha kidole kimoja, alichoufungulia mlango.

Kutoka nje unafanya kazi vizuri sana. Nilisema hivyo toka mwanzo.

Moto haukuwepo. Zimamoto, mwanamke mrefu, alishuka na chetezo changu kwenye koleo, bado kinafuka. Kauliza ni cha nani. Nikatazama mawingu. Jasbir akaninyooshea kidole.

Jumatatu, 13 Oktoba

Siwezi kuinama. Siwezi kuinuka. Kuna pembe moja katikati ambayo naiweza, nayo haina kazi yoyote.

Nimejikokota kwa Muslimo kununua dawa ya kuchua mgongo. Kauliza nilitia vipande vingapi. Nikasema viwili. Kasema mtu wa vipande viwili haendi namna hiyo. Kacheka mpaka kashika kaunta. Dawa inawasha lakini ameifunga kwa karatasi nzuri.

Saa moja jioni Nunu kapiga simu mwenyewe. Sauti ya kawaida, cherehani inaendelea nyuma.

"Mama kakupenda, Bwana Maulid. Lakini posa ilikuwa yangu."

Nikamuuliza kama ni kwa sababu ya sarafu. Kasema hapana, kitasa. Cherehani ikasimama kidogo. Kisha kasema na sarafu pia.

Makungu alirudi jana saa kumi, kama alivyopangiwa. Hakuleta mzee. Alileta futi ya kupimia. Nunu kashatamka mahari anayoitaka: mlango. Si kitasa, mlango mzima, na fremu yake. Makungu kasema sawa. Neno moja! Kaposa kwa neno moja, na mimi nilifanya mazoezi siku tatu.

Jasbir kaja kunitazama, kaleta machungwa. Nimemuuliza sarafu ilikuwa ya thamani gani. Amesema kabla sijaiosha ningeweza kununua gari la Makungu. Baada ya ukwaju, baiskeli. Baada ya tundu, kofia ya baiskeli. Nikamwambia hiyo kofia inatosha, mtu huanza na kofia. Kamenya chungwa, hakunipa.

Ijumaa, 17 Oktoba

Sarafu haikurudi. Anaivaa Bi Asmahan. Anaiita picha yake. Wageni wanaonyeshwa: huyu mimi, huyu Maulid, hili tundu ni uso wangu, nalo ni zuri, linaingiza hewa.

Lifti nayo haijatengenezwa tangu Jumapili. Kwa hiyo kanipigia Jumanne, kliniki ya macho. Kanipigia jana, kliniki ya magoti. Leo kanipigia aende tu madukani, anyooshe miguu. Miguu iliyonyooshwa ni yangu. Ngazi arobaini na nane kushuka, arobaini na nane kupanda, na kupanda kunakuja baada ya ununuzi. Ananiita mkwe, halafu anacheka peke yake huko juu.

Makungu alikuwepo, anapiga randa mlango mpya. Kanipisha ngazini. Kasema, "Pole." Sikumjibu. Sitaki mazoea.

Nunu kanirudishia suruali ya kaki. Kaifumua kiunoni, kaiachia inchi mbili, kashona upya, hakutaka hela. Nimeivaa. Nimepumua. Nilikuwa nimesahau.

Nimekaa kitandani nikafikiri kwa utulivu ni wapi nilipokosea. Nimefikiri muda mrefu, pande zote, bila kujionea huruma. Nimelipata. Shujaa hakuwa wa wanawake. Nilichukua shujaa wa wazazi.

Jumamosi, 18 Oktoba

Sokoni saa tatu na robo, muuzaji yule yule, sinia lile lile. Safari hii nimechagua kwa akili. Nimefungua mpaka picha ya tatu!

Sarafu ya shaba, ya Kirumi, upande mmoja mfalme. Upande wa pili mnara. Juu ya mnara mwanamke ameshika taa. Chini maji, na ndani ya maji kijana anaogelea kumwendea. Hana mzee mgongoni. Hana mtoto mkononi. Mwanamke yupo, anaonekana wazi, hakuna wa kuuliza yuko wapi. Na Muslimo si anakaa ng'ambo ya mfereji? Nimelipa kumi bila kubishana.

Nimempigia Jasbir, kwa sababu mimi ni mtu wa uchunguzi. Amesema kwanza kabisa nisiiguse. Nikasema sawa, lakini ni nani? Amesema ni Leandro, na kwamba kila usiku alivuka mkondo wa bahari kwa kuogelea, akiifuata taa ya mpenzi wake.

Kila usiku! Kuogelea! Makungu angeweza hilo na gari lake?

Nikamuuliza kama alikuwa anafika. Jasbir akasema alifika kila usiku, isipokuwa ule wa mwisho. Alitaka kuendelea. Nikamwambia inatosha, nisimsumbue, na Jumapili ijayo ajiandae, chai ya tangawizi itakuwepo.

Ukwaju ulikuwa umeshalowekwa. Saa nane nilikuwa Hockley. Bhavini kazima redio kabla sijasema neno. Nimemwambia safari hii tumejifunza, tundu lisiwe mahali ovyo ovyo. Alitoboe karibu na pua ya muogeleaji, apate hewa.